Dakika tatu za bafuni zilizoingia chuo kikuu

Haya jamani, tuulizane. Mtu anamaliza uzamivu, miaka minne maabara, tasnifu nene kama tofali. Shangazi yake anamuuliza alichokuwa anasomea, naye anajibu, "Ah shangazi, mambo ya kemia tu." Basi. Inakuwaje msomi ashindwe kueleza kazi yake mwenyewe?

Tatizo hili ni la zamani. Michael Faraday, mtoto wa mhunzi aliyeanza maisha kwa kujalidi vitabu London, aliligundua mapema. Alimlipa mwalimu amfundishe kuzungumza mbele za watu, kisha akatoa Mihadhara ya Krismasi ya Royal Institution mara 19 kati ya 1827 na 1860. Lakini hiyo ilikuwa juhudi yake binafsi. Hakuna aliyeona kuwa ni jambo la kufundishwa kwa kila mwanasayansi.

Mabadiliko yalikuja polepole. Katikati ya miaka ya 1970, chama cha wanasayansi cha Marekani, AAAS, kilianza kuwapeleka wanafunzi wa sayansi kwenye vyumba vya habari wakati wa kiangazi, waandike habari kama sisi. Mwaka 1985 ripoti ya Royal Society, iliyoandaliwa na kamati ya Walter Bodmer, iliwaambia wanasayansi wazi: jifunzeni kuongea na umma, huo ni wajibu wenu.

Halafu yakaja ya ng'ombe wendawazimu. Kwa miaka kadhaa serikali ya Uingereza iliwahakikishia watu kwamba nyama ya ng'ombe ni salama. Machi 1996 ikakiri kwamba huenda ugonjwa ule una uhusiano na maradhi mapya ya ubongo kwa binadamu. Imani ikaporomoka! Ndipo wengi wakaona kwamba kuhubiri hakutoshi. Mwaka 2000 kamati ya Bunge la Mabwana ikataka mazungumzo ya pande mbili, yaani mtaalamu naye asikilize.

Sasa kisa ninachokipenda. Jimbo la Queensland, Australia, lilikumbwa na ukame mkali, na watu wakahimizwa wapime muda wa kuoga. Wengi wakabandika bafuni kisaa kidogo cha mchanga cha dakika tatu. Alan Lawson, mkuu wa masomo ya uzamili wa Chuo Kikuu cha Queensland, akapata wazo: kwa nini mwanafunzi asieleze tasnifu yake kwa muda huohuo? Mwaka 2008 wanafunzi 160 wakashindana. Slaidi moja, hakuna vifaa, ukizidisha muda unatolewa. Leo mashindano hayo yamefika mamia ya vyuo duniani.

Wapo wanaosema dakika tatu zinampa ushindi mwenye maneno matamu. Wana hoja. Kisaa kinafundisha kusema, hakifundishi kusikiliza, na wale ng'ombe wa Uingereza walionyesha gharama ya kutosikiliza.

Kwetu Tanzania kuna mlima mwingine: tasnifu inaandikwa kwa Kiingereza, lakini mkulima, mgonjwa na mlipa kodi wanaongea Kiswahili. Istilahi si kisingizio, maana TUKI ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu 1990. Kwa maoni yangu, hakuna mtu angepewa shahada ya uzamivu kabla hajasimama mbele ya watu wa kawaida, akaeleza kwa Kiswahili alichogundua, na akajibu maswali yao.

Wenzangu mlioko vyuoni, mnaonaje?