Data hewani: kazi ya watu wa redio ya ridhaa

Mei 31, 1978, wapenzi wa redio ya ridhaa mjini Montreal, Kanada, walirusha data hewani kwa pakiti: ujumbe hukatwa vipande, na kila kipande hubeba anwani ya mtumaji na ya mpokeaji. Chuo Kikuu cha Hawaii kilikuwa kimetangulia kuitumia njia hiyo kwa mtandao wake wa ALOHAnet, ulioanza kazi mwaka 1971. Safari hii waliofanya kazi hiyo walikuwa raia wasiolipwa hata senti.

Nchini Marekani, sheria iliwazuia watu wa redio ya ridhaa kutuma data hivyo hadi 1980. Desemba 10 mwaka huo, Hank Magnuski aliwasha katika eneo la San Francisco kituo cha kupokea pakiti na kuzirusha tena mbele. Klabu ya TAPR ya Tucson, Arizona, ikabuni kisanduku cha kuunganisha kompyuta na redio, na wanachama wakakiunga wenyewe kwa vipuri. Mwaka 1984 likatoka toleo la pili la AX.25, kanuni za kutuma pakiti hizo. Kasi iliyozoeleka ilikuwa biti 1,200 kwa sekunde.

Tatizo lilibaki moja: kila mtindo mpya wa kutuma data ulidai saketi yake. Mwaka 2001 Eric Blossom, kwa fedha za John Gilmore, alianzisha GNU Radio, programu huria inayofanya kazi ya saketi hizo ndani ya kompyuta. Bado vifaa vyake vilikuwa ghali. Kisha mwaka 2012 wataalamu, akiwemo Antti Palosaari wa Finland, walionyesha kwamba kidude cha kutazamia televisheni kwenye kompyuta, cha takriban dola 20, kinaweza kuipelekea kompyuta mawimbi ghafi. Redio ya programu ikawa mikononi mwa mwanafunzi.

Faida yake imetufikia. Setilaiti ya Qatar, Es'hail-2, iliyorushwa Novemba 2018, imebeba mitambo ya redio ya ridhaa iitwayo QO-100, na mawimbi yake yanafika Afrika Mashariki na Oman. Dishi dogo, LNB (kipokezi cha dishi) ya kawaida na kidude hicho vinatosha kuipokea. Kurusha ndiko kunakodai leseni na vifaa zaidi.

Vyuo vyetu vya ufundi viliingize somo hili madarasani. Programu ni za bure, na setilaiti iko juu yetu usiku na mchana.