Tume na Aliyeituma: Fikra za Kurekebisha Siasa ya Tanzania, 1964 hadi 2014

Neno "tume" limetoka katika kitenzi "kutuma". Tume ni watu waliotumwa. Katika desturi zetu mtu aliyetumwa hana budi kulifikisha neno kama alivyolipokea, bila kulipunguza wala kulitia chumvi, na ndiyo maana wazee wakasema kwamba mjumbe hauawi. Lakini wazee hawakutuambia lifanyike nini iwapo ujumbe utabadilishwa baada ya kufikishwa, au iwapo aliyetuma alikwisha kukata shauri kabla mjumbe hajafunga safari. Maswali hayo mawili yamo ndani ya historia yote ya kurekebisha mfumo wa siasa nchini Tanzania.

Mara tatu katika nusu karne taifa letu liliunda tume kubwa ya kuwauliza wananchi watawaliwe vipi: mwaka 1964, mwaka 1991 na mwaka 2012. Si mataifa mengi yaliyojitawala wakati mmoja nasi yaliyofanya hivyo, na jambo hilo ni fahari kwetu. Hata hivyo, kuulizwa ni jambo moja na kuamua ni jambo jingine. Katika insha hii nakusudia kuonyesha tofauti hiyo ilivyojitokeza kila mara, na kwa nini mageuzi yaliyodumu ni yale yaliyomwachia mwananchi kitu mkononi.

Tuanze na tume ya kwanza. Tanganyika ilipojitawala tarehe 9 Desemba 1961, TANU haikuwa na mshindani wa maana. Katika uchaguzi wa mwaka 1960 ilikuwa imepata viti 70 kati ya 71, na mbunge mmoja aliyebaki, wa Mbulu, naye alikuwa mwanachama wa TANU aliyesimama bila idhini ya chama chake. Ushindi huo ulikuwa mkubwa, lakini ulikuwa na kasoro ndani yake. Katika majimbo 58 mgombea wa TANU hakupata mpinzani, na kwa hiyo wananchi wa majimbo hayo hawakupiga kura. Aliyeteuliwa na Chama alikuwa amekwisha kuwa mbunge. Watu walioungana kumwondoa mkoloni wakajikuta hawana njia ya kumwondoa mbunge wao wenyewe.

Mwalimu Julius Nyerere aliiona kasoro hiyo. Katika maandishi yake ya mwaka 1963 kuhusu demokrasia na vyama alitoa hoja kwamba, pale ambapo chama kimoja kimekuwa sawa na taifa zima, demokrasia yaweza kuwa pana zaidi ndani ya chama hicho kuliko katika mashindano ya vyama viwili visivyotofautiana katika mambo ya msingi. Alikumbusha pia kwamba wazee wetu walizungumza mpaka wakaafikiana. Mwezi Januari 1963 Halmashauri Kuu ya TANU ilikata shauri kwamba nchi iwe na chama kimoja. Tarehe 28 Januari 1964, siku chache tu baada ya maasi ya askari na baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, Mwalimu alitangaza tume chini ya Makamu wa Rais, Rashidi Kawawa. Wajumbe waliambiwa waziwazi kwamba hawakuitwa kuamua kama chama kiwe kimoja au zaidi, kwani hilo lilikwisha kuamuliwa. Waliitwa kupendekeza namna ya kuifanya hali hiyo iwe ya kidemokrasia.

Tume iliyofungiwa swali kuu hivyo ingeweza kuleta taarifa hafifu, lakini sivyo ilivyokuwa. Taarifa yake ya mwaka 1965 ilizaa utaratibu ambao haukuwa na mfano wa karibu wa kuigwa. Mkutano Mkuu wa Wilaya uliwapigia kura walioomba, Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili, na wananchi wote, wawe wanachama au wasiwe, wakachagua mmoja. Mmoja alipewa alama ya jembe na mwenzake alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma amtambue mtu wake. Wagombea hawakuruhusiwa kutumia fedha zao katika kampeni, wala kuomba kura kwa hoja ya kabila, rangi au dini, wala kutumia lugha nyingine ila Kiswahili. Walihutubia mkutano mmoja, jukwaa moja, mbele ya watu wale wale. Kanuni hizo ziliijenga lugha ya taifa kuwa lugha ya hoja, na mkulima akamsikia mwenye elimu kubwa akijieleza kwa maneno ambayo yeye mwenyewe aweza kuyapima.

Uchaguzi wa Septemba 1965 ulionyesha kwamba wapiga kura wamelielewa jembe na wameielewa nyumba. Mawaziri wawili na mawaziri wadogo kadhaa waliangushwa. Mmoja wao alikuwa Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu aliyekuwa mashuhuri katika ushirika wa wakulima wa pamba wa Usukuma, naye alishindwa huko huko Mwanza. Kwa mara ya kwanza waziri alijua kwamba kuna mtu kijijini awezaye kumstaafisha.

Lakini haki iliyotolewa kwa mkono mmoja ilikuwa na mipaka kwa mkono wa pili. Rais aligombea peke yake, na mpiga kura alijibu Ndiyo au Hapana. Tume ilikataa kuweka katika katiba orodha ya haki zinazoweza kudaiwa mahakamani, kwa kuhofia kwamba ingezusha mgongano kati ya mahakama na Serikali changa yenye kazi nyingi. Haki hizo zikaandikwa katika dibaji, mahali pa heshima lakini pasipo na nguvu ya sheria. Badala yake ikaundwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoanza kazi mwaka 1966 chini ya Chifu Erasto Mang'enya, ili mwananchi aliyeonewa na mtu mwenye madaraka apate pa kulalamikia. Ilikuwa asasi ya kwanza ya namna yake katika Afrika, ila ilitoa taarifa kwa Rais, na uamuzi ulikuwa wa Rais.

Mwaka 1968 mipaka hiyo ilionekana wazi. Wabunge kadhaa walifukuzwa katika TANU, na kwa kufukuzwa uanachama wakapoteza viti vyao bungeni. Wananchi waliokuwa wamewachagua hawakuulizwa. Yale waliyopewa mwaka 1965, yaani uwezo wa kumweka mbunge na kumwondoa, yalikuwa bado yapo kwenye karatasi ya kura, lakini juu ya karatasi ile palikuwa na mkono mwingine.

Kabla ya kuifikia tume ya pili yatupasa kusimama kidogo katika miaka ya 1983 na 1984. Chama Cha Mapinduzi, kilichozaliwa tarehe 5 Februari 1977 kwa kuunganishwa TANU na ASP, kilitoa mapendekezo ya kuibadili katiba na kuwaalika wananchi wayajadili. Mjadala ulipata joto, hasa Zanzibar, ambako muundo wa Muungano ulihojiwa. Mwezi Januari 1984 Aboud Jumbe alilazimika kujiuzulu urais wa Zanzibar. Hata hivyo mabadiliko yaliyopitishwa mwaka 1984 yaliacha mambo mawili makubwa. La kwanza, Rais asitawale zaidi ya vipindi viwili vya miaka mitano. La pili, haki za binadamu zikatolewa katika dibaji na kuingizwa ndani ya katiba yenyewe, zikaweza kudaiwa mahakamani kuanzia mwaka 1988.

Mtu aweza kudhani kwamba haya ni mambo ya wanasheria tu. Mwaka 1990 Mahakama Kuu mjini Mwanza ilisikiliza shauri la mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake, akaiuza, na ndugu wa ukoo akadai kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya namna hiyo. Mahakama ikatamka kwamba mila inayombagua mwanamke hivyo haiwezi kusimama mbele ya katiba. Maneno yale yale ambayo mwaka 1965 yalikuwa pambo la dibaji, miaka 25 baadaye yakawa ngao ya mwanamke mmoja mbele ya ukoo mzima.

Tume ya pili iliundwa Februari 1991 na Rais Ali Hassan Mwinyi, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Dunia ilikuwa inabadilika, na Mwalimu mwenyewe alikwisha kusema mwaka 1990 kwamba chama kimoja si amri ya Mungu. Safari hii swali kuu halikufungwa: tuendelee na chama kimoja, au tuingie katika vyama vingi? Wajumbe walizunguka Bara na Visiwani, wakasikiliza maelfu ya watu. Jibu lilikuwa la kushangaza. Karibu watu 8 katika kila 10 walitaka chama kimoja kiendelee. Karibu 2 tu walitaka vyama vingi, ingawa Zanzibar uwiano wao ulikuwa mkubwa zaidi.

Tume ikapendekeza vyama vingi. Wapo waliosema, na wapo wanaosema, kwamba huko kulikuwa kuwapuuza wengi. Hoja hiyo si ya kudharau. Lakini tume haikuhesabu vichwa tu, bali ilipima maneno pia. Iliona kwamba wengi wa waliotaka chama kimoja walitaka vilevile kibadilike sana. Iliona pia kwamba sehemu ya tano ya wananchi si watu wachache wa kufungiwa mlango. Mtu anayependa chama kimoja haondolewi haki yake vyama vingine vinaporuhusiwa, kwani aweza kubaki katika chama chake na kukipigia kura. Yule wa pili akikatazwa, hana pa kwenda. Kwa maoni yangu tume ilitenda haki. Chama na Serikali walikubali, katiba ikabadilishwa Mei 1992, na sheria ya vyama vya siasa ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1992.

Lakini taarifa ya Jaji Nyalali haikuwa na pendekezo hilo peke yake. Ilitaja sheria 40 zilizobana uhuru wa watu, ikataka zifutwe au zirekebishwe. Ilipendekeza muundo wa serikali tatu katika Muungano. Ilitaka iandikwe katiba mpya. Mapendekezo hayo hayakupata bahati ya lile la kwanza. Milango ya vyama ilifunguliwa ndani ya nyumba ile ile iliyojengwa kwa ajili ya chama kimoja.

Ndiyo sababu tume ya tatu ikahitajika. Kwa sheria ya mwaka 2011 Rais Jakaya Kikwete aliunda Tume ya Mabadiliko ya Katiba, nayo ikaanza kazi mwaka 2012 chini ya Jaji Joseph Warioba. Rasimu yake ya pili, ya Desemba 2013, ilipendekeza serikali tatu, mawaziri wasiwe wabunge, maadili ya viongozi yaandikwe katika katiba, na wapiga kura wawe na uwezo wa kumwondoa mbunge kabla ya muda wake kwisha. Msomaji atatambua kwamba pendekezo hili la mwisho lilikuwa jibu la mwaka 1968: uwezo wa kumwondoa mbunge urudishwe kwa waliomweka.

Bunge Maalum lilikutana Dodoma mwaka 2014. Mwezi Aprili wajumbe wa upinzani walitoka nje, na waliobaki wakapitisha tarehe 2 Oktoba Katiba Inayopendekezwa iliyorudisha serikali mbili na kuliacha pendekezo la kumwondoa mbunge. Kisha ilikuwa zamu ya wananchi. Kwa mara ya kwanza katika historia yetu sheria ilikuwa imeahidi kwamba neno la mwisho litakuwa lao, kwa kura ya Ndiyo au Hapana, tarehe 30 Aprili 2015. Kura hiyo iliahirishwa, na miaka ikapita bila kupigwa.

Tukizitazama tume hizi tatu pamoja, tunaona kwamba mwaka 1964 jibu lilitangulia swali, mwaka 1991 waliotumwa walipima jibu kwa hekima yao, na mwaka 2014 jibu lilibadilishwa baada ya kufikishwa. Katika hali zote tatu mwananchi alisema, na mwingine akaamua. Sidai kwamba kila uamuzi ulikuwa mbaya, maana nimekwisha kuusifu ule wa mwaka 1992. Lakini wema wa mwamuzi si kitu cha kutegemewa na vizazi vyote.

Kinachotegemewa ni kile ambacho mtu wa kawaida aweza kukitumia bila kuomba ruhusa. Mpaka wa vipindi viwili umeheshimiwa: Mwinyi aliondoka mwaka 1995, Benjamin Mkapa mwaka 2005, Kikwete mwaka 2015. Haki za binadamu zimesimama mahakamani. Jembe na nyumba zimekwisha, lakini desturi ya kumwangusha mkubwa kwa karatasi imebaki vichwani mwa watu.

Ikiwa tume ya nne itaundwa siku moja, na isikilize kama zilivyosikiliza tatu zilizoitangulia, kwani katika hilo hazina lawama. Ila kabla ya kufunga safari, iandikwe katika sheria na mapema kwamba jibu litarudishwa kwa walioulizwa, lini litarudishwa, na kwamba hakuna mwenye uwezo wa kuiahirisha siku hiyo ila wao wenyewe. Hapo tume itakuwa imetumwa na wananchi, na wananchi ndio watakaopokea taarifa yake.