Kabla ya Elon Musk: Roketi Zilizorushwa Ng'ambo ya Ziwa Letu

Wadau wa Kigoma na nyote mnaotusoma kutoka Dar mpaka ughaibuni, leo mastaa tuwape likizo kidogo. Nyie mnaoshea kila video ya roketi ya Musk, mnajua kwamba tarehe 17 Mei 1977 kampuni binafsi ilirusha roketi yake hapo ng'ambo, Zaire ya wakati huo, kama kilomita 350 tu kutoka Kigoma mjini? Hapo SpaceX ilikuwa bado robo karne izaliwe.

Kampuni iliitwa OTRAG, ya Ujerumani Magharibi. Mwanzilishi wake alikuwa mhandisi aliyeamini roketi inaweza kutengenezwa kwa bei chee, kwa mabomba yanayofanana yanayofungwa pamoja kama fungu la muwa. Mobutu akampa eneo kaskazini ya Shaba, kwenye uwanda wa juu karibu na mto Luvua, ukiingia bara kutoka Moba. Eneo lenyewe unaambiwa ni kilomita za mraba 100,000. Mkoa mzima wa Kigoma, ukijumlisha na maji ya ziwa, ni kama 45,000. Yaani mtu mmoja alipewa Kigoma mbili na chenji juu.

Sasa swali: Mjerumani aache kwao kote aje kurushia roketi huku kwetu, anatafuta nini?

Cha kwanza ni mwendo wa bure. Dunia inajizungusha kwenda mashariki, na pale kwenye ikweta ardhi inakimbia kama kilomita 1,670 kwa saa. Ukirusha roketi kuelekea mashariki unaanza safari ukiwa tayari na spidi hiyo, sawa na kudandia boti ambayo tayari inatembea. Kadiri unavyoisogelea ncha ya dunia, zawadi inapungua. Florida wanapata kama 1,470, na Baikonur kule Kazakhstan, alikorukia Yuri Gagarin mwaka 1961, ni kama 1,160 tu. Kwa hesabu hiyo sisi huku tumekalia dhahabu.

Lakini subiri. Kama ikweta ingetosha, wanaanga wote wangekuwa wanapanda ndege kuja kurukia kwetu. Mpaka leo binadamu wamepelekwa kuizunguka dunia kutoka nchi tatu tu: Marekani (Florida), Kazakhstan (Baikonur) na China (Jiuquan, pembeni ya jangwa la Gobi). Hakuna hata kimoja kilicho karibu na ikweta. Hata Wazungu wa Ulaya wenye kituo chao Kourou, Guyana ya Kifaransa, digrii 5 tu kaskazini ya ikweta, hawajawahi kurusha mtu kutoka pale.

Kinachoamua zaidi ni kilichopo chini ya njia. Roketi inapopanda inaangusha vipande, na ikiharibika inaanguka yenyewe. Mwaka 1961 Wamarekani walipotaka kwenda mwezini waliorodhesha sehemu nane. Brownsville, Texas, ilikuwemo ila ikaachwa kwa sababu njia ingepita juu ya makazi ya watu. (Ndiyo, ni hapo hapo jirani ambapo Musk amejenga leo. Mambo yanabadilika mtu akiwa na hela.) Wakachagua Florida, bahari iko wazi upande wa mashariki. Na hata pale hapakuwa patupu: kisiwa cha Merritt kilikuwa na nyumba na mashamba ya machungwa, serikali ikanunua ardhi, watu wakalipwa wakahama.

Mmoja wa wakubwa wa utafiti ule wa 1961 alikuwa Kurt Debus, Mjerumani aliyewahi kutengeneza makombora ya V-2 kwenye vita kuu ya pili na baadaye akawa mkurugenzi wa kwanza wa kituo cha Kennedy. Akastaafu 1974. Mnajua akaenda wapi? Akawa mwenyekiti wa bodi ya OTRAG. Yaani mzee aliyesimamia kuwarusha watu kwenda mwezini ndiye aliyekuja kukaa kichwani mwa mradi wa ng'ambo ya Tanganyika. Kwa hiyo msidhani ilikuwa michezo ya kuigiza.

Chombo kikibeba watu, masharti yanaongezeka. Setilaiti ikianguka ni hasara, ila mtu lazima arudi hai, kwa hiyo njia nzima ya kupandia lazima iwe na sehemu anayoweza kutua ghafla na kufikiwa haraka. Oktoba 2018 roketi ya Soyuz iliharibika dakika kama mbili baada ya kuruka. Mrusi na Mmarekani waliokuwemo wakachomoka na chombo chao, wakatua kwenye nyika ya Kazakhstan, wakaokotwa wazima. Ingekuwa ni milima au mji mkubwa pale chini, leo tungekuwa tunasimulia msiba.

Na lazima uwasikie njiani. Ndiyo maana Wamarekani walijenga kituo cha mawasiliano Tunguu, Zanzibar. John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, alisemeshana na Zanzibar akipita. Yakaja Mapinduzi ya Januari 1964, Wamarekani wakaondolewa kwa meli ya kivita, na miezi michache baadaye serikali mpya ikataka kituo king'olewe. Kikang'olewa. Hesabu za anga zilikuwa vilevile, siasa ndiyo ilikuwa imegeuka.

Siasa hiyo inafika hadi angani. Baikonur ipo kama digrii 46 kaskazini, na ukirusha moja kwa moja mashariki unaingia China. Kwa hiyo Warusi wanapinda njia kwenda kaskazini-mashariki, na kituo cha kimataifa cha anga za juu kikawekwa kwenye mwinamo wa digrii 51.6 ili nao wakifikie. Mpaka leo Urusi inailipa Kazakhstan kodi ya dola milioni 115 kila mwaka.

Sasa rudi Luvua uchukue ramani. Chora mstari kwenda mashariki: unavuka Ziwa Tanganyika, unaingia Rukwa, unapita karibu na Sumbawanga. Roketi ya kweli ya kuizunguka dunia ingepita juu ya vichwa vya ndugu zetu. Malindi, Kenya, Waitaliano walilijua hilo mapema, wakasimamisha majukwaa ya chuma ndani ya bahari, mbele yao Bahari Hindi tupu. Kutoka pale tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa setilaiti ikapewa jina Uhuru. Waliendelea kurusha mpaka 1988, ingawa roketi zao zilikuwa ndogo, za setilaiti tu.

OTRAG hawakufika huko. Roketi ya pili ilirushwa tarehe 20 Mei 1978, wakati Kolwezi, mkoa huo huo wa Shaba, waasi na makomandoo wa Ufaransa wanapigana. Ya tatu, Juni 5, ilirushwa mbele ya Mobutu mwenyewe, ikafeli. Hakuna hata moja iliyokaribia anga za juu. Huku Wasovieti wanapiga kelele kwamba ni makombora yamefichwa, na majirani hawana amani. Aprili 1979 Mobutu akawaambia wafunge virago. Wakahamia Libya kwa Gaddafi, na huko nako hawakudumu.

Mimi kinachonikereta ni hilo neno "patupu". Kwenye ramani ya Ulaya ule uwanda ulionekana mweupe. Lakini Watabwa na Waluba wako kule wanalima na kuvua miaka nenda rudi. Na ngoma inarudi: Januari 2023 Djibouti ilisaini makubaliano ya awali na kampuni ya Hong Kong kujenga kituo cha kurushia huko Obock, cha dola bilioni 1. Karibu na ikweta, bahari mashariki. Vigezo vile vile.

Kama kwenu kuna mzee aliyevuka ziwa kutoka Moba, Manono au Pweto, muulize mwaka 77 na 78 waliona nini angani, na waliambiwa nini kabla. Tiririka hapo chini kwenye komenti. Jina lake baki nalo.