"Helule Helule" Kabla na Baada ya Kuvuka Bahari

Aliyekaa Matayos, penye barabara ielekeayo Busia na ng'ambo ya mpaka, hatastaajabu kuambiwa kwamba Daudi Kabaka, mwimbaji na mwana wa Waluhya wa Kenya, alizaliwa Uganda mwaka 1939, kwani tangu zama za ukoloni ni ada katika nchi hii jamaa moja kuwa na makaburi pande zote mbili.

Sifa yake aliipatia Nairobi, katika studio ya Equator, ndiko alikorekodi "Helule Helule" kwa mahadhi ya twisti, mtindo uliochanganya ladha ya kwela ya Afrika Kusini na ufundi wa magitaa ya kwetu: gitaa jepesi linalomjibu mwimbaji kila amalizapo kauli, na mwendo usio na pupa, unaomwachia mchezaji nafasi ya kugeuka.

Mwaka 1968 kundi la Waingereza, The Tremeloes, liliutwaa wimbo huo, likautia maneno ya Kiingereza, likabakiza kiitikio, na santuri yao ikafika nafasi ya 14 katika orodha ya mauzo Uingereza. Ngoma zao ni nzito, sauti zao zimerundikana. Ni kazi ya mafundi, wala siikashifu, lakini ile nafasi ya kugeuka imezibwa, na kwangu mimi hasara hiyo haifidiwi na shangwe yoyote.

Kabaka alifariki mwaka 2001. Ewe msomaji, ukibahatika kuipata santuri ya Equator, tafadhali ianze hiyo, ndipo uisikilize ya Waingereza.