Mtoto mwenye ualbino na jua la Dodoma

Wadau, nawakumbusha: kiangazi cha huku kwetu kinadanganya. Juni na Julai upepo wa baridi unavuma, mzazi anaona kofia ya nini. Kumbe Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na mionzi ya jua inachoma hata kukiwa na baridi au mawingu. Mtoto mwenye ualbino avae mikono mirefu na kofia ya pama, apakwe losheni ya kukinga jua dakika 15 kabla ya kutoka, kisha kila baada ya saa 2. Ipo Kilisun, iliyobuniwa KCMC Moshi. Walimu, msimsimamishe juani paredi nzima. Kidonda kisichopona wiki 4? Hospitali haraka! Saratani ya ngozi ikiwahiwa inatibika.