Emily Ruete

Emily Ruete (jina la kuzaliwa: Sayyida Salme binti Said, Zanzibar, 30 Agosti 1844 – Jena, Ujerumani, 29 Februari 1924) alikuwa mwandishi mzaliwa wa Zanzibar aliyeandika kwa lugha ya Kijerumani. Alikuwa binti wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar. Mwaka 1866 aliondoka kisiwani kwa siri, akabatizwa, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani na kuishi Ujerumani.

Anajulikana hasa kwa kitabu chake Memoiren einer arabischen Prinzessin (yaani "Kumbukumbu za binti mfalme Mwarabu") kilichotolewa Berlin mwaka 1886. Alianza kukiandika kwa ajili ya watoto wake watatu, waliozaliwa Hamburg na kukua bila kuijua nchi ya mama yao. Kitabu hicho huhesabiwa kuwa tawasifu ya kwanza ya mwanamke Mwarabu kuchapishwa, na ni kati ya maandishi machache ya karne ya 19 yanayoeleza maisha ya jumba la Sultani wa Zanzibar kwa macho ya mtu aliyelelewa humo.

Familia na utoto

Salme alizaliwa katika jumba la Mtoni (Bet il Mtoni), lililojengwa ufukweni kaskazini mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar. Baba yake, Sayyid Said, alikuwa amehamisha makao yake kutoka Maskati hadi Unguja na kueneza kilimo cha karafuu. Alikuwa na masuria wengi, na alipofariki aliacha watoto 36 waliokuwa hai.

Mama yake Salme, Jilfidan, alikuwa mmoja wa masuria hao. Alikuwa Mcherkesi kutoka eneo la Kaukazi. Wazazi wake waliuawa vitani, naye akatekwa angali mtoto mdogo, akauzwa na kuingia katika nyumba ya Sayyid Said, alikolelewa pamoja na mabinti wa mtawala huyo. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria aliyetambuliwa na baba yake ni mtu huru, mwenye haki sawa na watoto wa mke wa ndoa. Hivyo Salme alizaliwa binti wa mtawala, ingawa mama yake aliingia humo kama mtumwa.

Katika kitabu chake Salme anakadiria kwamba watu wapatao 1,000 waliishi Mtoni. Anaeleza ua mkubwa uliojaa tausi, swala, mbuni na korongo, nyumba za kuogea zilizokuwa na watu mchana na usiku, na roshani kubwa ya mviringo iliyotazama bahari, ambapo baba yake alipenda kutembea akiwa amezama katika mawazo. Jumbani zilisikika lugha nyingi, zikiwemo Kiarabu, Kiswahili, Kituruki na Kihabeshi. Salme mwenyewe alikua akisema Kiarabu na Kiswahili.

Alipokuwa na umri wa miaka saba hivi, alihama pamoja na mama yake kwenda kuishi mjini katika nyumba ya kaka yake Majid. Huko alifundishwa kupanda farasi na kutumia silaha. Baadaye walihamia jumba la Bet il Tani.

Kujifunza kuandika

Watoto wa Sultani walisomeshwa Kurani na mwalimu wa kike aliyeletwa kutoka Omani. Watoto wa kiume walifundishwa pia kuandika, lakini mabinti waliishia kwenye kusoma tu, kwa kuwa haikuonekana vema mwanamke ajue kuandika. Salme alijifundisha kwa siri. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, ambao ulitumika kama kibao cha kuandikia, akawa ananakili herufi za Kurani mpaka mkono ukazoea. Habari zilipojulikana alilaumiwa, lakini hakuacha.

Ujuzi huo uliathiri maisha yake yote. Ndio uliomwingiza katika siasa angali msichana, na ndio uliomwezesha baadaye kuwa mwandishi.

Kifo cha baba na uasi wa Barghash

Sayyid Said alifariki baharini tarehe 19 Oktoba 1856, akiwa safarini kurudi kutoka Omani. Salme, aliyekuwa na miaka 12, alitangazwa kuwa mtu mzima na kupewa sehemu yake ya urithi. Dola iligawanyika: Thuwaini alitawala Omani na Majid akatawala Zanzibar. Mwaka 1859 mama yake Salme alifariki kwa kipindupindu.

Mwaka huohuo kaka mwingine, Barghash, alipanga kumwondoa Majid madarakani. Salme, kwa kuvutwa na dada yake Khole aliyempenda sana, alijiunga na upande wa Barghash. Kwa kuwa aliweza kuandika, msichana huyo wa miaka 15 akawa katibu wa waasi na kuandika barua zao. Uasi ulizimwa kwa msaada wa Waingereza, na Barghash akapelekwa Bombay uhamishoni.

Majid hakumwadhibu Salme. Hata hivyo Salme alijitenga na mji, akakaa kwenye shamba lake la Kizimbani na kisha Bububu karibu na bahari. Baadaye alipatana na Majid. Patano hilo lilimkasirisha Barghash, ambaye hakumsamehe tena. Majid alipomwomba amwachie konsuli mpya wa Uingereza nyumba ya Bububu, Salme alikubali, akarudi kuishi Mji Mkongwe.

Kuondoka Zanzibar

Mjini alikuwa jirani wa Rudolph Heinrich Ruete (1839–1870), Mjerumani kutoka Hamburg aliyefanya biashara Zanzibar. Nyumba zao zilikaribiana kiasi cha kuweza kuonana na kuzungumza. Urafiki ukageuka mapenzi, na Salme akapata mimba. Kwa mwanamke Mwislamu wa ukoo wa Sultani, mimba nje ya ndoa kutoka kwa mwanamume Mkristo ilikuwa hatari kubwa kwa uhai wake.

Agosti 1866 aliondoka kwa siri kwa manowari ya Uingereza iliyoitwa Highflyer, akafika Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume, ambaye alifariki mwaka uliofuata. Heinrich alipomfuata, Salme alibatizwa katika Kanisa la Kianglikana kwa jina la Emily, na siku hiyohiyo, 30 Mei 1867, wakafunga ndoa. Kisha wakasafiri hadi Hamburg.

Maisha Ujerumani

Hamburg walizaliwa watoto watatu: Antonie Thawka (1868), Rudolph Said (1869) na Rosalie Ghuza (1870). Majina ya pili yalibaki kama kumbukumbu ya upande wa mama.

Agosti 1870 Heinrich alifariki baada ya ajali ya tramu iliyovutwa na farasi. Emily akabaki mjane mwenye umri usiotimia miaka 26, na watoto watatu wadogo, katika nchi ambayo lugha yake alikuwa amejifunza ukubwani. Mwaka huohuo Majid alifariki na Barghash akawa Sultani wa Zanzibar. Mlango wa kurudi nyumbani ukafungwa.

Kipato chake kilikuwa kidogo. Alihama mji baada ya mji, akiishi kwa nyakati mbalimbali Dresden, Rudolstadt, Berlin na Cologne, na alifundisha Kiarabu ili kujikimu. Madai yake ya urithi huko Zanzibar yalikataliwa.

Mwaka 1875 Barghash alitembelea London. Emily alikwenda huko kutafuta suluhu naye. Serikali ya Uingereza ilihitaji ushirikiano wa Barghash, kwa kuwa miaka miwili kabla ilikuwa imemshurutisha kufunga soko la watumwa Zanzibar. Kwa maelezo ya Emily, Sir Bartle Frere alimshawishi asijaribu kuonana na kaka yake, akimwahidi kwamba watoto wake wangesaidiwa. Ahadi hiyo, anasema, haikutimizwa.

Safari za kurudi Zanzibar

Mwaka 1885 Ujerumani ilikuwa imetangaza ulinzi wake juu ya maeneo ya bara ambayo Barghash aliyahesabu kuwa yake. Agosti mwaka huo manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya mji wa Zanzibar ili kumlazimisha Sultani akubali. Emily na watoto wake walipelekwa pamoja nazo. Kwa Chansela Otto von Bismarck, madai ya urithi ya raia wa Ujerumani aliye dada wa Sultani yalikuwa njia ya kuongeza shinikizo.

Emily aliona tena mji wake baada ya miaka 19. Anaeleza kwamba watu walimzunguka mitaani na kumsalimu, lakini Barghash alikataa kabisa kumpokea. Sultani alipokubali matakwa ya Ujerumani, shauri la Emily halikuwa na umuhimu tena kwa serikali iliyomleta.

Alirudi tena mwaka 1888, baada ya kifo cha Barghash, akashindwa mara ya pili. Baada ya hapo aliondoka Ujerumani, akaishi Jaffa na kwa muda mrefu Beirut, mahali aliposikia tena Kiarabu kila siku. Mnamo 1914 alirudi Ujerumani.

Maandishi

Memoiren einer arabischen Prinzessin (1886)

Katika dibaji Emily anasema kwamba alianza kuandika miaka tisa kabla ya kuchapisha. Watoto wake walijua tu kwamba mama yao ni Mwarabu kutoka Zanzibar. Akiwa amechoka mwili na roho, hakutegemea kuishi hadi wakue aweze kuwasimulia mwenyewe, akaamua kuwaandikia. Hakukusudia kuchapisha, marafiki ndio waliomshawishi.

Chanzo hicho kinaonekana katika mpangilio wa kitabu. Sehemu kubwa inahusu mambo ambayo mtoto angeuliza: nyumba ilikuwaje, tulikula nini, tulivaa nini, shuleni kulikuwa na adhabu gani, sikukuu zilisherehekewaje. Kuna sura juu ya kuzaliwa na kulelewa kwa watoto, mfungo wa Ramadhani, Idi mbili, ndoa, magonjwa na mashamba. Baada ya hapo yanafuata masimulizi ya uasi, kuondoka na safari ya 1885.

Wakati huohuo kitabu kinajibizana na wasomaji wa Ulaya. Emily alichoshwa na hadithi walizokuwa nazo juu ya wanawake wa Mashariki, akawaonyesha kwamba mwanamke Mwislamu alikuwa na mali yake mwenyewe na haki zake. Aliikosoa pia Ulaya, hasa shule zake zilizowajaza watoto masomo na haraka ya maisha isiyo na utulivu.

Tafsiri ya Kiingereza ilitolewa mwaka 1888, na ya Kifaransa mwaka 1905.

Barua

Maandishi mengine, Briefe nach der Heimat ("Barua kwenda nyumbani"), hayakuchapishwa wakati wa uhai wake. Yameandikwa kama barua kwa rafiki aliyebaki Zanzibar, na yanaeleza upweke, baridi, ujane na umaskini wa Ujerumani kwa uwazi zaidi kuliko kitabu cha kwanza. Yalihifadhiwa Leiden, Uholanzi, na kutolewa kwa Kiingereza mwaka 1993 na mtaalamu E. van Donzel. Toleo la Kijerumani lilifuata mwaka 1999.

Utumwa katika maandishi yake

Sura ya Memoiren kuhusu utumwa ndiyo inayobishaniwa zaidi. Emily alidai kwamba utumwa wa Mashariki haukuwa mkali kama ule wa Amerika, akapinga kukomeshwa kwake kwa haraka, na kuwaeleza Waafrika kwa maneno ya dharau, akiwaita wavivu. Mashamba aliyorithi yalilimwa na watumwa, wengi wao wakiwa wametekwa bara na kuvushwa hadi Unguja. Mama yake mwenyewe alitekwa na kuuzwa, na Emily anaisimulia habari hiyo kwa huzuni, lakini hailinganishi na hali ya waliolima karafuu.

Kwa sababu hiyo msomaji wa leo anapata katika kitabu chake mambo mengi kuhusu maisha ya wenye nyumba, na machache kuhusu watumishi kama watu wenye majina na familia zao.

Kifo na kumbukumbu

Emily Ruete alifariki Jena kwa nimonia akiwa na umri wa miaka 79. Alizikwa katika kaburi la familia ya Ruete kwenye makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg. Inasimuliwa kwamba katika vitu vyake kulikuwa na mfuko mdogo wa mchanga kutoka ufukwe wa Zanzibar, nao ukazikwa pamoja naye.

Mwanawe Rudolph Said-Ruete (1869–1946) aliandika kitabu cha maisha ya babu yake Sayyid Said, kilichotolewa mwaka 1929. Binti yake Antonie aliandika kitabu cha mapishi kwa ajili ya nchi za joto.

Zanzibar, jumba la makumbusho la Mji Mkongwe lililokuwa kasri la Masultani lilimtengea chumba cha maonyesho. Magofu ya Mtoni, alikozaliwa, bado yapo ufukweni. Huko Hamburg, uwanja mmoja ulipewa jina lake mwaka 2019. Mwaka uliofuata baraza la wilaya liliamua kuliondoa jina hilo kutokana na aliyoyaandika kuhusu utumwa.