Kiti cha Kazi, Kutoka Down House Hadi Meza ya Chakula

Mpaka karne ya 19, karani wa Ulaya alifanya kazi juu ya kigoda kirefu kisicho na egemeo, mbele ya meza ya mteremko. Kuegemea kulihesabiwa kuwa uvivu. Waliopata nafasi ya kurekebisha viti vyao ni wale waliofanya kazi majumbani mwao bila msimamizi, na ndiyo maana kiti cha kazi chenye starehe kilianza kuonekana vyumbani mwa watu binafsi kabla ya kufika maofisini. Nchini Marekani, Thomas Jefferson alikuwa na kiti cha mbao kinachozunguka, ambacho baadaye kiliongezewa ubao wa kuandikia kando ya mkono.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Charles Darwin. Alihamia Down House, katika kijiji cha Downe huko Kent, mwaka 1842, akafanya kazi humo hadi alipofariki mwaka 1882. Kitabu chake kuhusu asili ya spishi, kilichotoka mwaka 1859, hakikuandikwa kwa mwandishi kuinamia meza. Darwin aliketi kwenye kiti cha mikono, akalaza ubao uliofunikwa kwa kitambaa juu ya mikono hiyo, akaandika hapo huku mgongo umeegemea. Kiti kilifungwa miguu ya chuma yenye magurudumu, hivyo aliweza kujisukuma kutoka pembe moja ya chumba hadi nyingine kufuata vielelezo vyake. Alikuwa mtu mrefu na afya yake ilikuwa dhaifu. Kwa hiyo aliyapatia ufumbuzi mambo mawili ambayo watengenezaji wa viti wangehangaika nayo kwa zaidi ya miaka 100: kimo cha kiti kulingana na mketi, na uhuru wa kusogea.

Kiwanda cha kwanza kulishughulikia suala hilo kwa dhati kilikuwa American Chair Company cha Troy, jimbo la New York. Mwaka 1849 Thomas Warren alibuni kiti ambacho uzito wa mketi ulibebwa na springi za chuma zilizopinda chini ya kikalio. Kiliweza kuzunguka na kuinama upande wowote mwili unakoelekea. Miguu yake ilikuwa ya chuma cha kalibu yenye magurudumu madogo, na juu kilivikwa kitambaa cha kifahari na matamvua. Kilipelekwa kwenye Maonyesho Makubwa ya London mwaka 1851, lakini hakikupata soko la maana Ulaya, ambako kuketi wima bila msaada kulikuwa bado ni dalili ya malezi mema. Ukiondoa egemeo la kurekebishwa, karibu kila sehemu ya kiti cha ofisi cha leo ilikuwa imeshapatikana kwa Warren.

Ofisi zilipopanuka mwishoni mwa karne hiyo, na taipureta ikaleta maelfu ya wanawake katika kazi ya ukarani, kiti kikageuka kuwa kipimo cha cheo. Mpiga taipu alipewa kiti kidogo kisicho na mikono, chenye egemeo jembamba la kiunoni. Meneja alipewa kiti kipana cha ngozi chenye mgongo mrefu. Aliyeketi saa nyingi zaidi ndiye aliyepata kiti duni zaidi. Heshima kushikamana na kiti si jambo la Magharibi peke yake, kwani pwani ya Afrika Mashariki inacho kiti cha enzi, cha mbao nyeusi iliyonakshiwa kwa pembe za ndovu, chenye kamba zilizosukwa na egemeo lililosimama wima. Lakini hicho kiliwekwa kwa ajili ya mgeni wa heshima na sherehe, na hakuna aliyetarajiwa kukifanyia kazi kutwa.

Wasanifu majengo nao hawakusaidia sana. Frank Lloyd Wright alipojenga ofisi za kampuni ya Larkin mjini Buffalo, zilizokamilika mwaka 1906, viti vingine vilishikizwa kwenye meza kwa mkono wa chuma ili sakafu isafishwe kwa urahisi. Karani hakuweza kukisogeza kiti sentimita moja nje ya njia kiliyopangiwa. Miaka 30 baadaye, kwa ofisi za Johnson Wax mjini Racine, Wright alibuni kiti cha miguu mitatu ambacho kilimwangusha asiyekaa sawasawa na kuweka miguu yote miwili chini. Inasimuliwa kwamba mwenye kampuni alimwomba Wright mwenyewe akikalie, naye akaanguka. Mguu wa nne uliongezwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili hoja ya adabu ilianza kuipisha hoja ya mifupa. Mwaka 1948 Bengt Åkerblom wa Sweden alichapisha utafiti kuhusu kusimama na kuketi, uliosisitiza kwamba kiuno ndicho kinachohitaji kuegemezwa. Tangu miaka ya 1960, Alf Nachemson, Mswidi mwenzake, alipima shinikizo ndani ya diski za uti wa mgongo kwa kuingiza sindano yenye kipimo. Matokeo yake yalionyesha kwamba mtu aliyeketi bila kuegemea hubeba takriban 40% zaidi ya aliyesimama. Takwimu hiyo ilinukuliwa kila mahali, hata na wauzaji wa viti, ingawa vipimo vya Ujerumani vilivyochapishwa mwaka 1999 havikuikuta tofauti hiyo. Lisilobishaniwa ni kwamba kuegemea hupunguza mzigo, na kwamba mkao wowote unaodumu saa nyingi huchosha, hata ule unaoitwa sahihi. Daktari A. C. Mandal wa Denmark alitetea kikalio kilichoinamia mbele. Nchini Norway, mwaka 1979, mawazo ya aina hiyo yalizaa kiti cha kupigia magoti. Watu wengi walikinunua kwa shauku kisha wakarudi kwenye vya zamani, kwa sababu magoti nayo huuma.

Mabadiliko makubwa yalitokana na kazi ya Bill Stumpf, Mmarekani aliyewachunguza watu wakiwa kazini pamoja na wataalamu wa mifupa, kisha akaiundia kampuni ya Herman Miller kiti cha Ergon mwaka 1976. Baadaye, akishirikiana na Don Chadwick, alishughulikia kiti cha wazee. Mzee anayekaa kutwa mahali pamoja hupata joto na vidonda pale ngozi inapokandamizwa, na sponji nene huzidisha joto hilo badala ya kuliondoa. Kiti chenyewe hakikuingia sokoni, lakini kutokana nacho kilizaliwa Aeron mwaka 1994: hakina sponji wala ngozi, ila wavu uliokazwa kwenye fremu na kupitisha hewa. Kilitolewa kwa saizi 3, na saizi zilifuata mwili wa mketi wala si cheo chake. Wanunuzi wa mwanzo walikiona kama kiti ambacho hakijamaliziwa.

Sheria ilikuwa imeshatangulia. Agizo la Ulaya la mwaka 1990 kuhusu kazi za kompyuta lilimtaka mwajiri atoe kiti imara, chenye kimo cha kurekebishwa na egemeo la kurekebishwa kimo na mwinamo, pamoja na kiegemeo cha miguu kwa atakayekihitaji.

Kisha janga la UVIKO-19 mwaka 2020 likawarudisha mamilioni ya wafanyakazi nyumbani, kwenye meza ya chakula. Meza hiyo kwa kawaida ina kimo cha takriban sm 75 na kiti chake sm 45. Viwiko vya mtu wa kimo cha wastani huwa sm 22 hadi 25 juu ya kikalio, yaani sm 67 hadi 70 kutoka sakafuni. Kwa hiyo anayechapa kwenye meza hiyo hupandisha mabega sm 5 au zaidi kutwa nzima, na shingo ndiyo inayolipa. Mto humwinua, lakini nyayo huanza kuning'inia mpaka awekewe kibao chini. Kompyuta ya kupakata huongeza tatizo, kwa kuwa kioo kinachofaa macho kiko juu mno kwa mikono, na kinyume chake; dawa yake ni kuinua kompyuta juu ya vitabu na kutumia kibodi ya pembeni.

Kiti kizuri kinachorekebishika kina bei kubwa, ila meza ni kazi ya seremala yeyote, awe wa Keko jijini Dar es Salaam au wa Barabara ya Ngong jijini Nairobi. Anayeagiza meza ya kazi apime kwanza kimo cha kiwiko chake akiwa ameketi kwenye kiti atakachokitumia, amkabidhi fundi kipimo hicho, ndipo wazungumzie mbao na vanishi.